Ufunguo Shingoni, Wadogo Zangu Ndani

Kosa ni langu. Msinionee huruma kwa sababu ya uyatima.

Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita ili ndugu wasitugawane. Mitumba ilikuwa imeanza kuruhusiwa, nikawa nauza sokoni hapa Songea. Belo, lile furushi kubwa la nguo, lilikaa chumbani, na wadogo zangu, Kristina na Beno, walililinda. Kwa kuogopa wezi, nikitoka nilipiga kufuli kwa nje. Ufunguo shingoni.

Asubuhi moja Mama Neema, jirani yetu, mke wa mwalimu aliyehamia mtaani kwetu, alinizuia uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Redio imesema mvua kubwa, radi na upepo mkali. Niachie ufunguo."

"Redio hiyo hiyo juzi ilisema mvua, na ulezi niliouanika ukakauka vizuri tu!"

"Juzi walisema manyunyu hapa na pale. Sikiliza maneno, binti!"

Nikacheka. "Radi hutumwa kwa mwenye maadui, mama. Sisi yatima nani atuonee wivu?"

Jamani! Kwangu mvua zote zilikuwa mvua.

Mchana wingu likashuka kutoka milima ya Matogoro, jeusi kama masizi. Upepo ukang'oa mabanda ya soko. Nikakimbia, nikakuta kijito kimeshafunika daraja. Nikabanwa kwenye baraza la duka, radi zinapasuka, ufunguo umenigandia kifuani. Mtaa wetu nauona ng'ambo, siwezi kuvuka! Niliita majina yao. Nani asikie?

Maji yalipopungua nilikuta nyumba haina paa. Mama Neema na mumewe walikuwa wamevunja mlango kwa sululu, lakini ukuta ulikuwa umeshaanguka. Beno alitoka mzima. Mguu wa Kristina ulisagika chini ya matofali.

"Dada, tulisukuma mlango," Kristina aliniambia. "Tulisukuma sana."

Ole wangu! Na mwizi hakuja.

Kristina sasa ni mtu mzima. Anachechemea, na mlango wa chumba chake haufungi kabisa, hata baridi ikiwa kali.

Ninyi mnaolea, mvua hazilingani! Redio ikisema manyunyu, nenda shambani. Ikisema mvua kubwa, wahi kurudi. Ikiongeza radi na upepo mkali, kaa na watoto wako, na kamwe usimfungie mtu kwa nje.

Kufuli lile bado ninalo. Ni zima. Kilichovunjika ni mlango, na mguu wa mdogo wangu.