Baruti Mpya ya Gunnvor

Wifi yangu Gunnvor Haugstulen alifuga mbuzi wa maziwa huku juu bondeni kwetu, na katika chama chetu cha walenga shabaha hakuna aliyejijazia baruti kwenye maganda ya risasi zake kwa uangalifu kama yeye. Bunduki yake ilikuwa Krag ya jeshi, yenye mtutu mrefu, aliyoachiwa na baba yake. Ilitengenezwa kiwandani Kongsberg, huku kwetu Norwe, kabla hata baba huyo hajazaliwa.

Mwaka mmoja baruti aliyoizoea ikaacha kutengenezwa. Akanunua ya aina nyingine, ikambidi aanze upya: atie kiasi gani ili risasi ifike mita mia sita bila kuiumiza bunduki?

Mume wangu Sjur, ndiye mdogo wake, aliliona ni jambo jepesi.

"Dada, tia kama ninavyotia mimi kwenye bunduki yangu ya Mauser. Si risasi ni zilezile?"

"Risasi ni zilezile, chuma sicho." Gunnvor alichomoa komeo la bunduki, kile chuma kinachoifungia risasi ndani, akalishika mbele ya macho yake. "Lako linashikwa na meno mawili hapa mbele. Langu lina moja, na lina umri wa babu yetu. Likikatika, uso ulioko nyuma yake ni wangu."

"Haya. Utakuwa unaua panzi."

"Nitawaua nikiwa na macho yote mawili."

Akaanza na kipimo cha chini kabisa walichokitaja watengenezaji wa baruti kwa bunduki za namna ile. Kule mita mia sita risasi zilitua nyasini chini ya shabaha, Sjur akacheka mpaka akakohoa. Gunnvor alipandisha kilengeo cha bunduki, kisha akarudi nyumbani kupima tena, akiongeza baruti chembe kwa chembe. Kila ganda lililotoka alilikagua kwa lenzi.

Siku moja ya Juni akapata kipimo kilichotufanya wote tuiinamie karatasi yake. Matundu kwenye karatasi yalikuwa yamekumbatiana, ungeyafunika kwa kisahani. Hata Sjur alipiga mluzi.

"Hicho hicho, dada. Usikiguse tena."

Lakini komeo lilikuwa gumu kufunguka. Gunnvor alilisukuma kwa kiganja, akaokota ganda, akalitazama kitakoni. Fataki, kile kidonge kinachowasha baruti, ilikuwa imebonyezwa bapa kama kifungo kilichopigwa pasi.

"Bunduki imeshaniambia kwamba nguvu imezidi," akasema.

"Kipimo hakijafika hata kile cha juu walichoruhusu watengenezaji!"

"Wao hawajaishika bunduki hii, Sjur."

Jioni ile ile alizifungua risasi zote za kipimo kile, moja moja, akamwaga baruti. Mimi nilikaa naye. Nilimuuliza kama haoni uchungu, maana alikuwa hajawahi kulenga vile maishani mwake.

"Naona sana, wifi," akasema, akaendelea kufungua.

Akapunguza baruti hatua mbili. Ikambidi abadili hata kiasi cha risasi kuzama ndani ya ganda, na Julai nzima alijaribu huku akitupuuza sisi na maneno yetu. Kipimo alichobaki nacho hakikufikia kile cha Juni kwa usahihi. Ila komeo lilifunguka kwa kidole, na bunduki ilirudia jambo lile lile kila ilipoulizwa.

Kwenye mashindano ya Agosti upepo ulivuma ukikata uwanja. Risasi zake za polepole zilisukumwa kuliko za wengine, naye akausoma upepo kwenye nyasi, akingoja utulie. Alimaliza wa mwisho, watu wameshakunja mikeka yao ya kulengea. Matokeo yaliposomwa, alikuwa wa tatu kati ya wote, na wa kwanza wa bunduki za zamani.

Sjur alivua kofia. "Huyo ni dada yangu," akawaambia watu wa bonde jingine, ambao hawakuwa wamemuuliza.

Nami nilibeba ile bunduki hadi garini, kifua mbele.