Kete ya Nuria

Yunisi Kibona hakuwahi kuhesabu watoto. Bibi yake, aliyemlea katika milima ya Ileje, alimkataza tangu mdogo: hesabu mbuzi, hesabu magunia, lakini mtoto wa mtu usimnyooshee kidole ukamtajia namba, utakuwa unamwita wa kuja kumpunguza. Yunisi alisoma, akawa mwalimu, akafundisha hesabu shule ya msingi miaka ishirini na sita, na katazo hilo likabaki pale lilipowekwa. Ndiyo maana alipopewa kuongoza kambi ya watoto iliyofanyika kila Juni juu ya Itumba, aliomba anunuliwe bao.

Lilikuwa bao la kawaida la kuchezea, lenye mashimo thelathini na mawili, na kambi haikupokea mtoto wa thelathini na tatu. Kila mtoto alikuwa na shimo lake na kete yake. Asubuhi, kabla ya kwenda kupanda miamba au kuvuka kijito kwa kamba, kila mmoja alichukua kete yake akaitia mfukoni. Wakirudi, kila mmoja aliirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Shimo tupu lilikuwa mtoto aliyebaki mlimani. Walezi wenzake walimcheka msimu wa kwanza, kisha wakazoea, na kwa miaka minane hakuna mtoto aliyepotea.

Mwaka wa tisa, 2001, msafirishaji mmoja wa Tunduma aitwaye Athuman alimleta mwenyewe binti yake, Nuria, wa miaka tisa.

“Mwalimu, huyu ni kitinda mimba wangu, tena mtundu,” alisema. “Nakukabidhi mkononi.”

“Nimempokea,” Yunisi akajibu.

Watoto wa milimani waliwachokoza wenzao wa mpakani tangu siku ya kwanza. “Nyie wa Tunduma mnajua kupanda malori tu!” Nuria, akihema katikati ya mteremko, alijibu bila kugeuka: “Na nyie mnajua kupanda viazi tu!” Mlezi Osea alicheka mpaka akakaa chini. Osea alikuwa na miaka ishirini na minne, mke, na mtoto mchanga. Hakuna aliyemzidi kwa kamba na mafundo, na kamati ya kambi ilikuwa imemwahidi barua ya kumpeleka chuo cha ualimu mwisho wa msimu.

Alhamisi ya wiki hiyo wageni kutoka wilayani walitarajiwa saa kumi. Saa nane ukungu ukashuka. Pale milimani ukungu wa Juni huja kama mtu anayefunga mlango. Unauona ukiwa mbali, kisha huoni kitu. Yunisi aliwateremsha watoto haraka. Osea alibaki juu akifungua kamba kwenye miamba, maana kamba ikilowa usiku kucha haifai tena.

Chini kambini watoto walisukumana kwenye bao, meno yakigongana kwa baridi. Mashimo yakajaa moja baada ya jingine, likabaki moja, safu ya tatu. Rafiki yake Nuria, Zaitun, alikuwa amesimama pembeni na kete mkononi.

“Mwalimu, hii ya Nuria. Alinipa nimshikie. Mfuko wake umetoboka.”

“Mwenyewe yuko wapi?”

“Anakuja. Alikuwa nyuma yangu.”

Gari la wageni lilikuwa linasikika likipanda kilima. Yunisi alilitazama lile shimo. Alijua sheria, yeye ndiye aliyeitunga. Akaichukua kete kwa Zaitun akaitia shimoni, ili wageni wakute bao limejaa, na akajiambia kwamba mtoto angetokea kabla hajamaliza kufuta mikono.

Osea aliteremka kwa njia yake, kamba begani. “Mwalimu, wote wamefika? Nilitaka nirudi nipitie ile njia ya mkato wanayoipenda watoto.”

Yunisi alikuwa ameshageukia gari. “Bao limejaa,” alisema.

Osea akatua kamba, akapewa zamu ya kulinda mahema.

Nuria alikosekana wakati wa chakula, sahani moja ilipobaki na makande yake. Walimtafuta kwa mwenge hadi sauti zikakauka. Kesho yake saa nne asubuhi wanawake waliokuwa wakikata kuni walimkuta kwenye korongo, chini ya njia ya mkato, mguu wa kulia umevunjika mahali pawili. Alipona, lakini mguu haukunyooka. Mpaka leo hutembea akiusubiri.

Kamati ilikaa siku ya tatu. Swali lilikuwa moja: mtoto alipotea akiteremka, au alirudi kisha akatoroka? Nuria alisema hakurudi. Wazee wa kamati walisema ni homa inayomsemesha. Wakamgeukia Yunisi.

“Bao lilijaa?”

“Lilijaa.”

Lilikuwa jibu la kweli, na hakuna uongo aliowahi kuusema uliofanya kazi kama jibu hilo. Kama bao lilijaa, basi mtoto alirudi. Kama alirudi, basi alitoroka kwenye mahema. Na mahema alilinda nani? Osea alisimama akakiri kwamba aliondoka robo saa kwenda kuanika kamba jikoni. Hakujitetea zaidi ya hapo. Barua ya chuo haikuandikwa. Nje, Yunisi alimkuta Zaitun akilia nyuma ya jiko, akamfuta machozi kwa kanga yake, akamwambia, “Nyamaza mwanangu. Haya ni mambo ya wakubwa.” Katika yote aliyoyafanya, kile kitendo cha kumfuta mtoto machozi ndicho kilichokataa kabisa kuzeeka.

Kambi haikufunguliwa tena. Osea alihamia Galula kulima mpunga. Yunisi alistaafu na cheti cha utumishi bora, akakiweka ndani ya sanduku chini ya nguo za kitanda. Kanisani, watu walipoungama pamoja kwa sauti, yeye alisema maneno yote kama wenzake. Hakuwahi kusema lake.

Januari 2014 alikutana na Lusungu, dada yake Osea, kwenye kituo cha magari Itumba. Waliuliziana habari za mvua na za mahindi. Kisha Lusungu akasema, “Binti wa Osea, yule Tumaini, kachaguliwa shule ya bweni. Ya serikali, mwalimu, nzuri! Baba yake kakataa. Eti mtoto wake halali mahali asipomwona. Ikifika Jumatatu hajaripoti, nafasi anapewa mwingine.”

“Kwa nini anakataa?”

Lusungu alimshangaa. “Si unajua wewe? Anasema yeye alimpoteza mtoto wa watu kwa robo saa.”

Yunisi alikuwa amejiandaa kwa miaka kumi na mitatu kukutana na mtu anayemchukia. Hakuwa amejiandaa kwa mtu aliyemwamini. Aliondoka Jumamosi alfajiri, akabadilisha magari, na kipande cha mwisho akapanda pikipiki kwenye tope, sketi ameikunja magotini kama msichana.

Alimkuta Osea uani akinoa jembe. Ndevu zilikuwa na mvi.

“Shikamoo mwalimu! Umepotea njia?”

“Marahaba, Osea. Sijapotea. Nimekuja kwako.”

Mkewe, Fides, akaleta kigoda. Yunisi hakukaa. Alijua akikaa atapewa chai, na akipewa chai ataanza kuuliza habari za mavuno.

“Nuria hakurudi kambini siku ile,” alisema. “Kete yake ililetwa na Zaitun. Niliitia shimoni mimi, kwa mkono huu, na nikakwambia bao limejaa. Hakutoroka kwenye zamu yako. Alikuwa korongoni tangu saa nane.”

Tupa ya kunolea ilisimama juu ya jembe.

“Ungesema,” Osea alisema polepole, “ningerudi kupitia njia ya mkato.”

“Ungerudi.”

“Ningempata na mchana upo.”

“Ungempata.”

Alinyanyuka, akaenda hadi kwenye uzio, akarudi. “Tumaini!” aliita. Msichana mrefu akatoka jikoni, mikono ina unga. “Mama Tumaini, nawe sogea. Mwalimu, rudia.”

“Osea…”

“Rudia. Hawa wameishi na mtu aliyepoteza mtoto. Wasikie.”

Yunisi akarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu msichana alimtazama bila chuki, kama mwanafunzi anayefuata hesabu ubaoni. Alipomaliza, Tumaini akauliza, “Kwa hiyo baba hakumpoteza mtu?”

“Hakumpoteza. Ni mimi.”

Fides akaingia ndani, akatoka na karatasi ya shule iliyokunjwa mara nne, akaanza kuisoma kwa sauti: ndoo, fagio la chelewa, godoro, jembe…

“Jembe analo,” Osea alisema, akaliinua lile alilokuwa akilinoa.

Yunisi akavuta pumzi. “Osea, utanisamehe?”

“Usiniulize hilo leo. Leo ndiyo nimeanza kukukasirikia, na hasira ikiwa mpya mtu haijui ukubwa wake.” Alimwita dereva kijiweni, pikipiki ikageuzwa. “Athuman bado yuko Tunduma, na malori yake yale yale. Mwambie yeye na binti yake. Kesho, mwalimu, si mwezi ujao. Mimi Jumatatu nina safari ya kumpeleka mtoto shule.”

Alimshika mkono kumpandisha, kwa adabu, kama mtu anavyomsaidia mkubwa wake, kisha akauachia upesi.