Kifungo cha Tatu

Kila asubuhi dada wa mazoezi ya viungo alipoingia wodini, fundi cherehani hakumtazama usoni. Alitazama kifungo cha tatu cha koti lake jeupe, kilichokuwa wazi kama jana na juzi. Miaka arobaini ya kushona, na sasa damu iliyovuja ubongoni imemlaza hapa akodolee macho uzembe! Dada, kwa mikono yake ya baridi, alikunjua vidole vya fundi vilivyopooza, kimoja kimoja, kama anayekunjua karatasi iliyolowa. "Seli za ubongo zilizokufa hazirudi, mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, maneno yaleyale kila siku. "Ila majirani zao wamezirai tu. Tukiwapigia hodi bila kuchoka, wataamka washike kazi ya marehemu."

Wiki ya sita, uvumilivu ukamshinda fundi. Mkono ule uliokufa ganzi uliinuka ukitetemeka, ukapapasa koti, ukakosa, ukarudi, ukakipenyeza kifungo kwenye tundu lake. Mkewe, aliyeketi kando ya kitanda, akaangua kilio. Dada alimfuta fundi jasho, akaaga. Kesho yake akaja, vifungo viwili viko wazi.