Gunia Lililokwenda Madhabahuni

Zipora wa Mahongole, mama yake Peace, ni mtu wa kuota mchana kweupe. Akisimama shambani asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia matuta, huliona shamba jinsi litakavyokuwa: kijani tupu, maua meupe hadi bondeni, wala shina moja halijanyauka. Majirani wakimkuta ameduwaa hivyo hucheka. Wacheke tu.

Maana ubishi wa watu hawa unachosha! Miaka miwili Zipora aliwasihi waache kupanda vile viazi vidogo vinavyobaki baada ya vikubwa kuuzwa. Udogo ule mara nyingi ni ugonjwa, aliwaambia, nanyi mnaupanda upya kila mwaka. Hawakumsikiliza. Basi yeye akazunguka shambani mwake mashina yakiwa mabichi, akafunga uzi mwekundu kwenye yale yenye afya, akayavuna kando. Likapatikana gunia moja, mbegu yake yote ya msimu ujao.

Jumapili ya mavuno alichelewa kanisani. Alipoingia, akaliona gunia lake mbele ya madhabahu. Rebeka, mama mkwe wake, alikuwa amelipakia kwenye bodaboda tangu alfajiri.

"Mama, ile ni mbegu yangu!" alinong'ona.

"Mwanangu, viazi vizuri ndivyo hivyo. Au Mungu tumpelekee vilivyobaki?"

Zipora akaketi kando yake. Ndivyo alivyolelewa hata yeye. Baada ya ibada sadaka zikanadiwa, gunia likagawanywa ndoo sita, na watu wakazigombania. Akasimama, machozi yakimlengalenga.

"Jamani, msivipike. Vipandeni."

Walicheka, kama kawaida yao. Lakini walivipanda, pengine kwa kumhurumia.

Msimu uliofuata Zipora alipanda vidogo vya kuokoteza, na nusu ya shamba ikanyauka. Roho ilimuuma sana. Asubuhi moja, ukungu ulipoinuka, akatazama ng'ambo ya bonde, akaona vipande sita vya kijani vimechanua katikati ya mashamba yaliyopauka. Alidhani anaota tena.

Efraimu, jirani mbishi kuliko wote, akapanda kilima, akavua kofia.

"Mama Peace, njoo kwangu uchukue mbegu. Chagua mwenyewe. Ila nami nifuate nyuma, unionyeshe unachaguaje."

Zipora akatangulia njiani huku akilia waziwazi, wala hakuona haya.