Mshahara wa Mtani Wangu

Shule niliishia darasa la tatu, lakini bodi ya hospitali yetu ya misheni niliingia, kiti cha wanakijiji. Hospitali ile si ya mtu. Wamisheni waliomba sadaka, sisi tukachoma matofali. Mwaka ule tumbaku yangu iliharibika kwa kukosa mwangalizi, mke wangu akanuna mpaka masika. Lakini nisitoke nje ya habari.

Siku hiyo shauri lilikuwa mshahara wa mkurugenzi. Walitaka upande karibu mara mbili, na posho ya nyumba juu yake, naye anaishi bure nyumba ya hospitali. Wodi ya wazazi, kina mama wanakuja na glavu walizonunua dukani. Binti yangu ni muuguzi wodi hiyohiyo, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mkataba mpya ulikuwa kwa mkurugenzi huyohuyo unangoja saini. Asubuhi aliniambia, "Baba, leo kaa kimya tu. Nina watoto."

Nikaona nitapitia kwenye utani. Mkurugenzi ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Babu zetu walipita kwao na mizigo wakienda pwani, wakala chakula chao, wakazikwa nao; utani ukaanzia hapo. Mtani hakasirikiwi hata msibani. Tulipomzika mama yangu, Mzaramo mmoja alijilaza kaburini, hatoki mpaka apewe kuku. Tulimpa.

Padri, mwenyekiti wetu, akauliza, "Kuna neno?"

Nikadakia, "Wazaramo ninyi! Babu zetu wamewabebea pembe mpaka pwani, leo mmetufuata huku muibebe na hospitali? Mwizi we!"

"Tulia unywe chai, Mnyamwezi we," mkurugenzi akanijibu. "Ukoo wa wapagazi unajua nini habari ya mshahara?"

Wakacheka wote, padri mpaka machozi. Nami nikacheka, mjinga mimi. Katibu akasema, "Basi, hakuna pingamizi," karatasi ya kuidhinisha ikaanza kuzunguka, kila mjumbe asaini.

Hapo moyo ukanishuka. Nilisema kweli, lakini kweli yangu imeondoka na kicheko. Nani anaandika utani kwenye muhtasari? Mhasibu akasaini. Sista akasaini. Kalamu ikanifikia, uso wa binti yangu ukanijia akilini.

Nikaiweka kalamu mezani, nikasimama.

"Mwenyekiti, utani nimeuweka chini. Sasa nasema kama mjumbe. Mkurugenzi atoke kwanza, hatuwezi kupanga mshahara wa mtu naye anatutumbulia macho. Halafu glavu za wazazi zitangulie. Andika, katibu."

Hakucheka mtu. Mkurugenzi akakusanya simu yake na miwani, taratibu.

"Nimekusikia, mzee," akasema. Mzee, si mtani. "Binti yako hajambo?"

"Hajambo."

Akatoka. Padri akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akasema shauri lirudi upya kikao kijacho.

Nyumbani nilimkuta binti yangu anapiga pasi sare yake nyeupe.

"Baba, ulisema?"

"Nilisema."

"Alicheka?"

"Mara ya kwanza alicheka."

Ya pili hakuuliza. Aliiweka pasi kando, akanitazama. Kisha akaishika tena, akainyoosha kola.