Nyimbo za Lillian Ndani ya Pipa

Ulimi wangu mkali umenifukuzia wateja wengi hapa Namakwekwe, Mbale, ninakotengeneza kompyuta. Afande Opio yeye hakukimbia. Alikuja asubuhi moja kutoka Jinja, askari magereza mstaafu, ameikumbatia kompyuta yake ya mezani iliyofungwa kwenye shuka lililopigwa pasi.

"Fundi Orpah, hii mashine ilikuwa nakwenda muzuri," alisema, bado amesimama wima. "Fundi moja kule Jinja akasema ni ya zamani, akatoa Windows XP, akaweka Windows 7. Sasa kila saa naandika memori haitoshi. Nikafuta nyimbo za mama, moja moja, ipate nafasi. Bado naandika tu!"

"Mama gani, afande?"

"Lillian, bibi yangu ya ndoa. Alikuwa naimbisha kwaya ya kanisa. Huu mwaka ya tatu tangu tumuzike."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumgombeza. Nikaufunga. Nilichomoa kipande cha memori nikamwonyesha: megabaiti 512. XP ilipotoka iliomba 64 tu, na kwa 128 ilienda vizuri. Windows 7 inataka gigabaiti nzima, mara mbili ya aliyokuwa nayo.

"Memori ni meza ya kufanyia kazi," nilimwambia. "Nyimbo zilikuwa kabatini, kwenye diski. Umetoa vitu kabatini, afande, meza imebaki ndogo vilevile."

Akakaa. Nikajichukia kwa haraka yangu.

"Na lile pipa la taka kwenye skrini, vinakongoja vitu ulivyofuta, ulilimwaga?"

"Iliuliza kama nataka kufuta kabisa. Mimi hapana kubali. Miaka thelathini kwa magereza, mutu hatoki mupaka karatasi ya mukubwa ifike. Karatasi iko wapi?"

Nilicheka kwa furaha, sikuficha. Nikarudisha memori mahali pake, nikaiwasha mashine. Ilijikokota hadi chai yangu ikapoa, kisha pipa likafunguka: nyimbo ishirini na tatu, haukukosekana hata mmoja.

"XP nitakurudishia leo," nilisema. "Kwanza hizi. Mkubwa ni wewe, afande. Toa amri."

Afande Opio akasimama, akavua kofia. Nilingoja sauti kali ya gwaride.

"Lillian," alisema polepole, "toka, mama. Twende nyumbani."