Dawa ya Somo

Fundi anayeshona mahando, zile sketi za marinda za kina mama, pale Ganda hujipepea kwa kipande cha kitambaa hata asubuhi za Julai, wenzake wanapojitanda leso kwa baridi. Joto hilo huletwa na kidonge chake cha kila siku, cha kuzuia homoni isiendelee kulisha saratani ya titi lake. Daktari alimwambia akimeze miaka mitano, na muda wote huo asishike mimba. Ana miaka thelathini na tisa, na mtoto hana. Mama mkwe wake, Kahonzi, anadhani ni dawa ya uzazi. Anangoja mjukuu wa kike wa kurithi jina lake. Kila adhuhuri yeye ndiye humletea maji kwa kata. Leo alimgusa tumbo kwanza, taratibu, kama anayebisha hodi.

“Mwanangu, usiisahau dawa ya somo yangu.”

Fundi alisimamisha cherehani, akaipokea kata kwa mikono miwili.

“Ahsante, mama.”

Akakimeza kidonge, na maji akayanywa yote.